Ukungu Kwenye Ekrani Mpya

Jumatatu, 6 Oktoba
Sukari: 1,62

Dokta wangu wa sukari kanipa daftari hili niandike sukari yangu kila asubuhi kabla ya chai, basi, si zaidi. Lakini ukurasa una mistari ishirini na nne na namba inakaa kwenye mmoja tu, na mimi sijawahi kuheshimu agizo la kukaa kimya. Kwa hiyo mimi Suud, miaka hamsini na sita, fundi wa programu za kompyuta, mkazi wa mtaa wa Asiatique juu ya duka la vitambaa la marehemu baba yangu, nitaijaza hiyo iliyobaki.

Mvua ya kwanza imepiga leo saa nane mchana. Nilikuwa dirishani na sikuiona ikija kutoka upande wa ziwa. Niliisikia juu ya mabati. Mke wangu Khadidja alikuwa amekwisha kuanua nguo.

Jordan, anayekaa mapokezi kwenye labo ya vipimo ya Dokta Geneviève kule Kigobe, kanipigia simu. Wamepata ekrani mpya nne, na programu yangu ya matokeo ya damu, anasema, imekuwa ndogo kama maandishi ya kichupa cha dawa ya macho. Mfano huo kauchagua mwenyewe, mimi sikumwomba.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sukari: 1,58

Mafuta hakuna mjini, nimekwenda Kigobe kwa miguu na nimefika soksi zimelowa.

Jambo lenyewe ni hili. Programu ile niliiandika miaka kumi na tisa iliyopita. Wakati huo karibu kila ekrani ya mji huu ilikuwa na nukta tisini na sita ndani ya inchi moja, nami nikapima kila kitu kwa nukta: kitufe sabini na tano, mstari wa jedwali kumi na nane. Ekrani mpya zinabana nukta mia sitini na zaidi ndani ya inchi ileile. Kumi na nane zangu bado ni kumi na nane, ila zimekuwa nyembamba, na dirisha zima limenywea pembeni. Ukiiagiza kompyuta ikuze kila kitu mara moja na nusu, haiiulizi programu ya kizee kama yangu. Inaipiga picha na kuivuta ile picha, kama fundi wa studio anayekuza picha ya paspoti iwe ya kutundika ukutani.

Nikaagiza ikuze. Christa, fundi wa vipimo, alitoka chumba cha ndani na glavu zake, akainama mbele ya ekrani. Akasema, "Kuna ukungu, Papa Suud. Herufi zote ziko na ukungu."

Nitaandika hapa kile ambacho sikumwambia mtu. Nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu mimi ukungu huo nauona tangu Agosti, na leo mtu mwenye macho mazima amesema upo. Nimerudi nyumbani kwenye tope nikijiambia kumbe ni ekrani, kumbe ni ekrani.

Agosti ekrani hizo zilikuwa bado kwenye maboksi yake dukani. Hilo nalo nalijua.

Jumanne, 14 Oktoba
Sukari: 1,71

Umeme umekatika kuanzia asubuhi. Nimekaa chini dukani, pale baba alipokuwa akisimama, na kwa kuwa sina la kufanya nimeanza kufikiri. Ni kosa langu la zamani.

Baba yangu, Mazin, sukari ilimla macho. Kwa mwaka mzima Asiatique yote haikujua. Mama, Bi Jokha, alikuwa akisimama kando yake, na mteja akinyoosha kidole mama husema kama anayemsifu mteja: "Ah, dada umechagua, hii ya kijani yenye ndege, rafu ya pili." Mkono wa baba ukaenda rafu ya pili. Alikuwa akikunjua kitambaa, akipima, akikata wima bila kuyumba. Watu walisema Mazin hana haraka siku hizi, amekuwa mtu wa adabu.

Mpaka siku mama alipokwenda Buyenzi kwa mgonjwa. Walikuja watu wa msiba kutaka bafta nyeupe ya sanda. Baba akapapasa, akapata bafta, akapima, akakata, akakunja, akawapa na dua juu yake. Baada ya nusu saa wakarudi. Walisimama mlangoni bila kelele, na mmoja wao akaiweka juu ya meza. Ilikuwa ya bluu ya mbingu. Kwa kidole bafta ni bafta.

Hawakumgombeza. Baba hakushuka tena dukani mpaka siku tulipomshusha sisi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliiona sura yake. Ninaogopa. Nimeliandika neno hilo kwa wino na sasa nitalala kidogo.

Jumatatu, 20 Oktoba
Sukari: 1,33

Vizuri sana. Inashuka. Ikishuka, macho yatafuata.

Jumanne, 21 Oktoba
Sukari: 1,35

Mvua kutwa. Khadidja ameanza kuniwekea kikombe mkono wa kulia, palepale kila siku. Nimemuuliza kwa nini. Kasema meza ni ndogo.

Ijumaa, 24 Oktoba
Sukari: 1,38

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda Kigobe na toleo jipya. Humo nimeandika mistari michache inayoiambia kompyuta: programu hii inajua habari za nukta nyingi, usiipige picha, usiivute, iache ijichore yenyewe. Dawa ya ukungu ni hiyo. Inafanya kazi duniani kote na haikuwa na sababu ya kushindwa Kigobe.

Nikaiweka, nikaifungua. Jordan akapiga mluzi. Christa akaja, akainama, akasema sasa ni safi kabisa, kila herufi imesimama peke yake, ni kama gazeti. Jordan akasema hata nywele angeweza kuzihesabu.

Nikaangalia. Ukungu ulikuwa palepale.

Nilivua miwani, nikaifuta kwa kanzu, nikaivaa. Palepale. Jicho la kulia limefifia, na katikati ya la kushoto kuna doa kama tone la chai lililokauka, na nikihamisha jicho linahama nalo, linatangulia mahali ninapotaka kusoma. Christa akaniuliza, "Papa Suud, we unaonaje?"

Nikasema, "Safi."

Nimeandika programu miaka thelathini na sijawahi kusema safi kwa kitu nisichokiona. Leo nimesema, na sauti haikutetemeka. Ndivyo baba alivyokuwa akiuza rangi asizoziona.

Jumatatu, 27 Oktoba
Sukari: 1,36

Sasa programu inajichora yenyewe, lazima kila kipimo ndani yake kizidishwe kwa moja na nusu: herufi, vitufe, masanduku, nafasi baina yao. Mistari ya programu ni elfu kumi na moja. Nimekuza herufi za ekrani yangu ya nyumbani mpaka mistari sita tu inaingia kwa mara moja, na pua yangu inagusa kioo. Khadidja kapita nyuma yangu mara mbili, mara ya pili kaniwashia taa.

Alhamisi, 30 Oktoba
Sukari: sikupima.

Nimefika mstari wa elfu nne. Kichwa kinauma.

Jumapili, 2 Novemba
Sukari: 1,31

Ngurumo. Nimeota baba ananikabidhi mkasi.

Jumatano, 5 Novemba
Sukari: 1,33

Nimeweka toleo la mwisho Kigobe. Christa alikuwa zamu ya mapumziko.

Nina sheria yangu moja, na wanaonijua wananicheka kwayo. Sikabidhi kazi bila kuchapa ukurasa wa kile kilichoko kwenye ekrani, kuuweka kando ya orodha ya kweli, na kupitisha rula chini ya kila mstari, namba kwa namba. Leo sikuchapa. Rula ilikuwa mfukoni. Kupitisha rula kungechukua saa mbili, na mtu yeyote aliyepo chumbani angeona nasoma kwa pua.

Nilimuuliza Jordan kama iko sawa. Akajibu, "Mi naona iko sawa, Papa. We ndiyo fundi."

Nikaona jedwali, nikaona namba nyeusi zimejipanga, nikaona na nyekundu chache za wale waliozidi kiwango. Zilikuwa kubwa, zilinitosha. Nikaondoka kabla mvua haijaanza.

Ijumaa, 7 Novemba
Sukari: 1,38

Hakuna simu kutoka Kigobe. Kazi nzuri haina simu.

Jumatatu, 10 Novemba
Sukari: 1,30

Hakuna simu. Ziwa limepanda tena, wanasema kule Kajaga maji yameingia nyua za watu. Nimemwaga chai. Kikombe kilikuwa mkono wa kulia, mimi nilikwenda kushoto kwa ubishi.

Jumatano, 12 Novemba
Sukari: sikupima.

Christa kapiga saa nne asubuhi. Hakusalimia. Kaniambia nije, nikajibu mvua hii, akasema nije hivyohivyo.

Nitaandika taratibu, kama alivyonieleza yeye.

Tangu mafuta yapotee, wagonjwa wa mbali hawaji Kigobe kuchukua karatasi. Jordan anasoma matokeo kwenye ekrani na kuwapigia manesi wa mitaa, saa tatu mpaka saa sita, kila siku. Christa ndani kwenye vipimo bado anatumia ekrani ya zamani, hivyo hakuwa ameiona ile mpya tangu niondoke. Leo kapita mapokezi kuchukua kalamu, akamsikia Jordan anamwambia nesi wa mtaa fulani kwamba kreatinini ya mgonjwa ni mia na thelathini. Kreatinini ndiyo inayosema hali ya figo. Kwa vipimo vya labo yetu, kumi na tatu ni mtu mzima wa afya. Mia na thelathini ni mtu ambaye figo zake zimekwisha. Akamwambia Jordan akate simu.

Kisha akaangalia ekrani. Ilisema 130, kwa rangi nyeusi. Na hapo ndipo Christa, Mungu amlinde, alipoelewa. Programu yangu hupaka nyekundu kila kilichozidi kiwango. Kama ingekuwa mia na thelathini ingewaka nyekundu. Programu ilikuwa inajua ni 13,0. Aliyekuwa hajui ni anayeisoma.

Nilivyofika nikakaa kwenye kiti cha Jordan na Christa akanisomea kilichoko mbele yangu, akidhani ananionyesha tu. Mikato yote imepotea. 4,1 imekuwa 41, 11,2 imekuwa 112. Sikuhitaji kuona, nilijua papo hapo ni wapi. Herufi nilizizidisha kwa moja na nusu. Kimo cha mstari wa jedwali, ile kumi na nane, kimeandikwa pia mahali pa pili, ndani kabisa, na hapo sikukizidisha. Herufi zimekua, chumba chao hakikukua, na jedwali limezikata miguu. Tarakimu zinasimama juu ya mstari, zimepoteza unyoya tu. Mkato unaning'inia chini ya mstari. Tungekuwa tunaandika sehemu za namba kwa nukta, kama Waingereza, nukta ingeponea juu. Sisi tunaandika kwa mkato, na mkato umekwenda wote.

Mtu mwenye macho angeuona dakika ya kwanza, chini ya rula. Jordan haoni ajabu namba isiyo na mkato, hiyo si kazi yake. Ni kazi yangu. Mimi mikato sijaiona kwenye kitu chochote tangu Agosti na nimeacha kuitafuta.

Kumi na nane ikawa ishirini na saba. Ilinichukua dakika mbili.

Alhamisi, 13 Novemba
Sukari: sikupima.

Dokta Geneviève hakupandisha sauti. Alimwambia Jordan atoe daftari la simu, akachora mstari kuanzia Jumatano iliyopita. Matokeo arobaini na moja yamesomwa kwenye ekrani ile. Wakagawana simu, yeye, Christa na Jordan. Kwa wengi, manesi wenyewe walikuwa wameishuku namba na kungoja karatasi. Wawili walikuwa wamepewa rufaa ya hospitali, wakazuiwa kabla hawajaondoka. Kufikia saa tisa walikuwa wamewapata watu arobaini.

Aliyebaki anaitwa Pascaline, anauza ndagala Kajaga, Mkongomani, kwao wanamwita Mama Trésor. 11,2. Nesi wa huko alimwambia Jumatatu kwamba figo zote mbili zimekufa. Simu yake imezimwa. Nesi kasema amefunga meza yake ya samaki, amempeleka mtoto kwa dada yake, na Jumamosi anavuka kwenda Kongo kumuaga mama yake. Huko anakokwenda kuna vita. Watu wanavuka kuja huku, hakuna anayevuka kwenda.

Jordan kasema ataenda yeye. Nimekataa. Dokta kachapa karatasi mpya, kaandika kitu kwa kalamu chini yake, kanipa ndani ya mfuko wa plastiki. Akaniuliza kama nilipitisha rula yangu. Nikasema hapana. Hakuniuliza kwa nini, na hilo limeniuma kuliko kama angeuliza.

Ijumaa, 14 Novemba
Sukari: sikupima.

Nimetoka alfajiri baada ya sala. Kwa miguu mpaka darajani, kisha nyuma ya baiskeli ya mtu aliyenitukana kimoyomoyo kwa uzito wangu. Mvua haikuacha. Njia nzima niliogopa mambo mawili na nilikuwa nikiyahamisha kama mtu mwenye mizigo miwili na mkono mmoja: kwamba nitamkuta ameondoka, na kwamba nitamkuta.

Nilimkuta. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia uani mpaka kwenye ngazi, na wamepanga mawe ya kukanyagia. Mawe sikuyaona. Nilipita majini nikijifanya mtu asiyejali viatu. Alikuwa ameketi kibarazani juu ya furushi lililofungwa kwa kitenge, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mikono imepasuka kwa chumvi. Kando yake beseni na sufuria mbili zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Ningechelewa siku moja tu.

Nikajitaja. Nikamwambia natoka labo, namba waliyompa haikuwa yake, mashine imeisoma vizuri ila ekrani imekata mkato, na ekrani ni kazi yangu. Nilisema maneno mengi mno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku tano nimekufa, Papa. Mutoto wangu nimemuambia amuite dada yangu mama ili azoee."

Nikafungua mfuko, nikampa karatasi. Hakuipokea.

"Nisomee. Mi sikusoma."

Nikaishika mbele ya uso. Karatasi haina nukta za kuzidisha. Hakuna mtu anayeivuta, hakuna toleo jipya la kuiwekea. Nilitafuta namba na doa likatangulia mahali pa namba. Lakini namba naijua, nimelala nayo siku mbili. Nikasema kwa sauti ya kusoma, kidole changu kikitembea, "Pascaline. Kreatinini. Kumi na moja, mkato, mbili. Kiwango ni kuanzia sita mpaka kumi na tatu. Uko mzima."

Ilipita vizuri. Mkono haukuyumba. Hata nilisikia ule utulivu ambao nadhani baba alikuwa akiusikia kitambaa kikikatika wima.

Pascaline akainuka, akaja karibu, akaweka kidole chini ya karatasi. "Na hapa? Wameandika na kalamu. Wanasema nini?"

Mahali hapo mimi naona kivuli cha bluu. Ningeweza kubuni. Dokta anakusalimia, Dokta anasema pole. Nani angejua? Lakini mwanamke huyu alikuwa amefunga furushi kwa sababu ya neno nililolipitisha bila kuliona, na nilikuwa nimesimama majini mbele yake nikitaka kumpitishia jingine. Nilimwona yule mtu wa msiba akiiweka bafta ya bluu juu ya meza.

"Sioni," nikasema.

Alidhani namaanisha ni patupu. Akagonga karatasi kwa kidole, hapa, hapa.

"Mi sioni, mama. Macho yangu yamekwisha. Hata hiyo namba sikuisoma, niliikumbuka."

Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno hayo, hata nikiwa peke yangu. Aliniangalia usoni, nadhani akitafuta kama nina uongo mwingine. Kisha akamwita jirani yake, Olga, anayeuza unite, yaani vocha za simu, mlango wa pili. Olga akaja na mwavuli, akaipokea, akasoma polepole. Namba ilikuwa 11,2. Chini yake Dokta ameandika: Figo zako ni nzima. Ni sisi tulikosea. Usiondoke. Kunywa maji, rudi baada ya miezi sita.

Pascaline alimwambia asome tena. Olga akasoma mara tatu, na mara ya tatu Pascaline akakaa tena juu ya furushi na kulia kwa hasira, akinitukana kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nisiyoijua. Nilisimama nikapokea. Alipomaliza alijipangusa, akamtuma Olga apige simu kwa dada yake, mutoto arudishwe leo.

Nilipogeuka kuondoka alishuka kibarazani, akashika mkono wa kanzu yangu, akaniongoza jiwe kwa jiwe mpaka barabarani. Hakuniambia pole wala asante. Alikuwa akisema tu: jiwe, jiwe, hapa ni tope, jiwe.

Jumapili, 16 Novemba
Sukari: 1,94. Kasoma Khadidja.

Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha. Kasema anajua tangu Septemba, tangu niliposalimia koti langu lililotundikwa mlangoni. Nikauliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mama yako alinambia: akianza kuficha, we muwekee vitu mahali pamoja. Nimekuwekea. Sikujua kama nafanya vema."

Kisha kaleta mashine ya sukari, ambayo inakumbuka vipimo vyote vya nyuma, na daftari hili. Akanisomea. Tarehe 20 Oktoba nimeandika 1,33. Mashine inasema 1,88. Tarehe 27 nimeandika 1,36, mashine inasema 1,86. Tarehe 5 Novemba, siku ile ya kazi, 1,33 yangu ilikuwa 1,83. Nane nyingi nilizisoma tatu. Mwezi mzima nilidhani inashuka.

Sitafuta kitu. Zibaki hivyohivyo.

Jumatano, 19 Novemba
Sukari: 1,79. Khadidja.

Kigobe. Christa amechapa kurasa zote na kupitisha rula yangu chini ya kila mstari, saa tatu nzima, kwa sauti. Mimi nilikaa na kusikiliza. Amepata kosa lingine dogo, kitufe kimeingia chini ya kingine. Nilifurahi kulisikia. Dokta Geneviève kanipa jina la daktari wa macho, na amepiga simu mwenyewe nisije nikasahau.

Jumatatu, 24 Novemba
Sukari: 1,66. Khadidja.

Chumba cha daktari wa macho ni kirefu na mwishoni kuna ubao wa herufi wenye taa. Alinimulika macho kwanza, kisha kanieleza kwamba sukari imepasua mishipa midogo nyuma ya jicho, kwamba kilichopotea cha kushoto huenda kisirudi, na kwamba kilichobaki kinaweza kushikiliwa nikianza sasa. Niliuliza kama kingeshikiliwa zaidi lau ningekuja Agosti. Kasema ndiyo. Kasema ndiyo tu, bila kupamba, nami nikamheshimu.

Akanifunika jicho la kulia, akaniambia nisome kutoka juu.

Khadidja alikuwa amesimama karibu na bega langu. Nilisikia pumzi yake, na nilisikia akiivuta ndani, ile pumzi ndogo ya mtu anayejiandaa kusema kitu kwa chini. Naijua tangu dukani, kwa mama kando ya baba. Ubao wote ungekuwa wangu kwa dakika moja.

Nikamwambia, "Khadidja mke wangu, toka nje."

Kisha nikasikia viatu vyake, na mlango.

Herufi ya juu niliiona. Ilikuwa E. Mstari wa pili daktari alininyooshea kijiti, nikaangalia, doa likatangulia, nikasema sijui. Akauliza wa tatu. Nikasema sijui. Aliandika kila jibu.